Kucha za Nguchiro wa Saluni

Mume wangu ni dereva wa lori la Fuso. Anapakia tumbaku na asali Inyonga, anashusha Mpanda, na kila akirudi nyumbani hakosi kitu mkononi: viazi, kuku, siku nyingine kigoda. Kwa hiyo alipoingia na boksi la sabuni mchana mmoja wa masika sikushtuka. Nilishtuka boksi lilipokwaruza lenyewe.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Usiogope. Ni nguchiro. Kitoto tu."

Akanifungulia nione. Ndani, juu ya kipande cha gunia, kulikuwa na kiumbe chekundu chekundu, kirefu kama gunzi la hindi, kina pua ya waridi na mkia mwembamba wenye ncha nyeusi, kama umechovywa kwenye wino. Warina asali walikuwa wamekikuta ndani ya mzinga wa gome ulioanguka chini na kuoza. Mbwa wao walikuwa wametangulia kufika, na mama yake hakuonekana tena.

"Na mimi nifanye nini na nguchiro?"

"Mpe maziwa. Safari ijayo nitamrudisha."

Safari ijayo ikaja, na nyingine, na nyingine. Hakuna aliyerudishwa popote. Nilianza kwa kumpa maziwa kwa kitambaa, nikampandisha kwenye uji, halafu ugali na mchuzi. Masika yalipokuwa yanaisha alikuwa ameshajua mlango wa chumbani, mlango wa jikoni, na mlango wa saluni yangu.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja cha mbele pale Kashaulili, mtaa wa nyuma ya soko. Nasuka, nafanya stimu ya nywele, napaka rangi za kucha na kubandika. Nguchiro alilala juu ya rafu ya mafuta, kwenye kitenge kilichochakaa, akitazama wateja kama mwenye nyumba. Wengine walimwita kicheche, wengine panya mkubwa. Mteja mmoja, mwalimu, alikuwa haketi mpaka ahakikishe mkia wenye ncha nyeusi uko juu na si chini ya kiti. Lakini watu walimzoea. Nadhani wengine walikuja kwa ajili yake, maana stimu zipo hata kwa jirani.

Sasa, nina dawa yangu ya nywele zinazokatika, na hiyo ndiyo iliyoleta mambo yote. Nachukua kiini cha yai, naongeza asali ya Inyonga na parachichi lililoiva, nasaga, nampaka mteja kichwani, namfunika. Nywele zinatoka laini. Kiini kinatumika, ute unabaki kwenye kikombe. Zamani nilikuwa naumwaga. Siku moja nguchiro akashuka kwenye rafu, akaingiza kichwa chote kwenye kikombe, akaramba mpaka kikombe kikang'aa, akaja kulala mapajani mwangu. Tangu siku hiyo ute wote ukawa wake. Wateja wa dawa ni wengi, kwa hiyo alikunywa asubuhi, mchana na jioni. Nilijiona nimempatia maisha. Nguchiro gani mwingine katika mkoa mzima wa Katavi alikuwa anakula mayai kila siku bila kuyaiba?

Kiangazi kilipokolea nikaona mambo mawili. La kwanza, alikuwa anateleza. Alikuwa na tabia ya kupanda pazia la mlangoni, akifika juu anajirusha begani kwangu. Sasa akifika katikati anashuka, kucha hazishiki. La pili nililiona kwenye kile kitenge chake: vipande vidogo vidogo, vyembamba, vyeupe kama magamba ya kitunguu. Nikamshika mguu, nikamwangalia karibu na dirisha.

Kucha nazijua. Nimeziona za wanawake wanaofua kwa sabuni kali, za wanaochuma tumbaku, za waliobandua kucha za bandia kwa meno. Za huyu zilikuwa zimekauka kama ganda la karanga. Ncha zimepasuka nyuzinyuzi, rangi imefifia, ukiminya kidogo tu zinamomonyoka. Na manyoya yake, ambayo mwanzoni yalikuwa yanameta, yalikuwa yamesimama hovyo kama brashi ya viatu.

Nikafanya kile ninachofanya kwa wateja. Nikampaka mafuta ya nazi. Akayaramba. Nikampaka mafuta mazito ya mgando. Akayaramba, akakunja uso, akafuta ulimi kwenye kitenge. Nikachukua tupa yangu laini, nikawa namlainisha ncha zilizopasuka ili zisinase kwenye nyuzi. Hilo alilipenda. Alilala chali, ananinyoshea mguu mmoja mmoja, na wateja wanacheka mpaka wanashikilia taulo. Lakini kila wiki zilikuwa zimepasuka upya, na kila wiki ukucha ulikuwa mfupi zaidi.

Ndipo mama mkwe wangu akaja kutoka Kasansa.

Alikuja baada ya mavuno ya mpunga, kwa ajili ya goti lake, kwa kuwa hospitali ya mjini walimtaka ahudhurie kliniki kwa muda. Alishuka kwenye basi na gunia la mchele, rozari shingoni, na kuku wawili wamefungwa miguu. Mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kwa mbali. Hakuwahi kuniambia neno baya, wala mimi sikuwahi kumjibu vibaya. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, na baada ya hapo kila mmoja akawa anatafuta cha kufanya kwa mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu akiwa mlangoni mwa saluni. "Hicho kilicholala hapo juu ni nini?"

"Ni nguchiro, mama. Alimleta baba huyu."

Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akaweka kuku chini polepole.

"Kwetu huyu mnyama tunamkimbiza kwa fimbo," akasema. "Nyie mnamtandikia kitenge."

Mume wangu akakumbuka kwamba tairi la Fuso linahitaji kuangaliwa, akatoka.

Kuku tukawafungua uani. Nikamfungia nguchiro chumbani siku ile na iliyofuata. Siku ya tatu mteja akaacha mlango wazi, na mimi mikono yote miwili iko kichwani mwa mtu. Nikasikia kuku anapiga kelele, na mama mkwe anaita, "Njoo uone mnyama wako huku."

Nikatoka mbio na povu mikononi, nikijua nakwenda kukuta manyoya ya kuku tu. Nikakuta kuku amesimama katikati ya uani amejitutumua mbawa, na nguchiro amejibanza chini ya ndoo. Alikuwa ameruka kumshika kuku mgongoni, kucha zikakatika, akaanguka, na kuku akamgeukia akamdonoa mpaka akatafuta pa kujificha. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akicheka mpaka machozi yanamtoka. Sikuwa nimewahi kumwona anacheka.

"Nguchiro anayepigwa na kuku," akasema. "Nimezeeka, lakini hiki sijakiona."

Halafu akaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeinua ndoo na chini yake palikuwa na damu. Ukucha mmoja wa mguu wa mbele ulikuwa umeng'oka hadi kwenye nyama. Nguchiro alikuwa ameukunja mguu kifuani, anatetemeka, na hakutoa sauti yoyote.

Mimi nilibaki nimeduwaa na povu langu. Mama mkwe ndiye aliyeinuka, goti lake na yote, akaingia jikoni, akatoka na maji ya vuguvugu yenye chumvi. "Mshike kichwa," akaniambia. Akamchovya mguu taratibu, akamfunga kwa kipande cha khanga yake mwenyewe. Alipomaliza akaushika mguu mwingine, akaugeuza, akautazama kwa muda.

"Huyu hana kucha," akasema. "Hizi ni takataka. Unamlisha nini?"

"Anakula vizuri, mama. Ugali, maziwa. Na mayai kila siku."

"Basi anaumwa. Mpeleke kwa daktari wa ng'ombe."

Mchana ule ule nikafunga saluni, nikamweka kwenye kikapu chenye mfuniko, nikapanda bodaboda. Mama mkwe akasema na yeye anakwenda. Nikamwambia goti. Akasema goti halipandi pikipiki, anapanda yeye. Kwa hiyo tukaenda kwa pikipiki mbili, ya kwangu mbele na kikapu, ya kwake nyuma.

Kwenye ofisi ya mifugo tulikuta wafugaji wamejaa kibarazani, wamekuja kwa ajili ya chanjo ya ng'ombe wao. Walipojua kilicho kwenye kikapu wakatupisha, nadhani kwa hamu ya kuona. Daktari alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye buti za mpira. Alivaa glovu, akamtoa nguchiro kwa kumshika nyuma ya shingo kama aliyekwisha kufanya hivyo maisha yake yote. Akaangalia mguu ulioumia, akaangalia kucha zote, akafungua mdomo, akapuliza manyoya ya mgongoni ili aone ngozi.

"Kidonda ni kisafi. Nani amekiosha?"

"Mimi," akasema mama mkwe.

"Umefanya vizuri, mama. Sasa niambieni anakula nini. Msinifiche kitu."

Nikamweleza. Ugali, maziwa, mchuzi. Nilipofika kwenye mayai nikasema kwa kujivuna kidogo.

"Mayai mabichi au ya kuchemsha?"

"Mabichi, daktari. Anapenda ute."

"Ute peke yake? Na viini vinakwenda wapi?"

Nikatazama kikapu. "Kwenye nywele za wateja."

Alinitazama akifikiri nimekosea kusema. Nikamweleza dawa yangu yote, na asali, na parachichi. Wafugaji waliokuwa dirishani wakaangua kicheko, na daktari mwenyewe akageuka ukutani ili asicheke mbele yangu. Mama mkwe hakucheka hata kidogo.

"Chakula kinapakwa kichwani," alijisemea polepole.

Daktari akarudi, akakaa, akanifafanulia bila haraka. Akasema kuna vitamini fulani ya kundi B ambayo mwili unaitumia kujenga kucha, ngozi na manyoya. Ute mbichi wa yai una kitu kinachoikamata ile vitamini tumboni na kutoka nayo nje, mwili usipate chochote. Yai moja moja si neno. Lakini kunywa ute mtupu kutwa nzima, miezi na miezi, bila kiini ambacho ndicho chenye hiyo vitamini, ni sawa na kumfungia mnyama mlango wa ghala. Ukishachemshwa, ute hauna tena ubaya huo.

"Na ugali?" akauliza mama mkwe.

"Ugali si chakula chake, mama. Huyu ni mla nyama. Porini anakula panya, mijusi, panzi, ndege, na anakula mzima mzima: nyama, ini, mifupa midogo, hata manyoya. Mnampa ugali anashiba, lakini hajengi kitu."

Akatupa utaratibu. Mayai yachemshwe, ute na kiini pamoja, na yasiwe ya kila siku. Ini kidogo tu, mara moja moja, kwa kuwa likizidi nalo lina madhara yake. Dagaa wasio na chumvi, vichwa vya samaki, shingo za kuku, panzi kadiri tutakavyopata. Maji masafi wakati wote. Mafuta ya kupaka hayana kazi.

"Kucha zilizoharibika hazitapona," akasema. "Zitasukumwa na mpya. Msitegemee muujiza wa wiki moja."

Hilo nililijua. Ndilo ninalowaambia wateja wangu siku zote, na hawanisikii.

Akamchoma chanjo ya kichaa cha mbwa. Alipokuwa anafunga kikapu akasema kwa sauti ile ile ya upole kwamba huyu ni mnyama wa porini, si mali yangu, na kwamba anayekaa naye nyumbani bila kibali anaweza kuingia matatizoni. Akanielekeza kwa ofisa wanyamapori, akaniambia niende mwenyewe kabla sijafuatwa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda, nimevaa gauni langu la kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea, lakini ofisa alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika, akaja siku hiyo hiyo kumwona mnyama. Akamtazama alivyokuwa anachechemea juu ya rafu.

"Kwa hali hii nikimwachia leo, kesho ameliwa," akasema. "Hawezi kupanda mti, hawezi kushika panya. Mtibuni. Msimfunge kamba, msimuuze, msimpe mtu. Mvua zikianza wadudu wanakuwa wengi, tutamrudisha alikotoka."

Mama mkwe akauliza kwa nini asirudishwe hapo karibu, kwenye mashamba. Ofisa akamjibu kwamba kwenye mashamba kuna kuku, na kwenye kuku kuna fimbo. Mama mkwe akatazama pembeni.

Tangu siku ile jiko langu likapata bosi. Mimi niko na wateja, mume wangu yuko barabarani, na mama mkwe, siku ambazo hana kliniki, hakuwa na cha kufanya. Alianza kwa kwenda sokoni kutafuta vichwa vya migebuka kwa wale wanaouza samaki wa ziwani. Siku za mwanzo alisema ananisaidia mimi. Baadaye akawa anarudi akinieleza habari: yule mwenye meza ya mwisho anatupa vichwa jioni, yule wa mwanzo ni mchoyo, dagaa wa leo wana mchanga wanataka kuoshwa mara mbili.

Nguchiro mwenyewe aligoma. Alizoea vitu laini, vya kunywa. Nilipomwekea yai la kuchemsha alilinusa, akaigeuza sahani nzima juu chini, akaenda kukaa mbele ya kikombe cha saluni akisubiri ute. Mteja wa dawa akija, ananifuata miguuni akilia kwa sauti nyembamba ya kuumiza roho. Mara nyingi nilitaka kumpa kidogo tu. Mama mkwe akawa anakidai kikombe mlangoni kabla sijamaliza kutenganisha yai, anakipeleka jikoni na kukimimina kwenye sufuria ya moto.

"Ukimhurumia leo, kucha zinaanza upya kesho," alisema.

Alivyomshinda ni hivi. Alichukua dagaa, akawakaanga bila mafuta wakakauka, akawasaga wakawa unga. Unga huo akanyunyizia kwenye maziwa kidogo, na nguchiro akanywa. Akazidisha unga, akapunguza maziwa. Akaweka kipande cha ini ndani yake. Akaweka yai lililopondwa. Halafu maziwa yakaisha, nguchiro akajikuta anatafuna kichwa cha mgebuka sakafuni, amekishika kwa miguu yote miwili ya mbele kama anasali. Mama mkwe akaniita nije nione. Nikatoka na kitana mkononi, tukasimama pale mlangoni tunamtazama anavyotafuna.

Panzi ndio waliotukutanisha. Jioni nikifunga saluni tulikuwa tunakwenda kwenye uwanja wa nyasi upande wa reli, yeye na kopo, mimi na khanga ya kuwarushia. Kwa goti lake hakukimbia, alinielekeza tu. "Kushoto. Yule mkubwa. Umemkosa." Katika kutembea huko ndipo alipoanza kuniambia mambo. Kwamba tangu baba mkwe afariki alikuwa anakula peke yake, na mtu anayekula peke yake hapiki, anapasha. Kwamba goti lilianza kabla, lakini hakutaka kuja kwetu kwa sababu alidhani nitamwona mzigo. Nikamwambia mimi nilidhani hanipendi kwa sababu ya kazi yangu.

"Kazi yako ina tatizo gani?"

"Sijui, mama. Hukuwahi kuiuliza."

"Mimi nilikuwa naogopa kuingia mle ndani," akasema. "Vioo vingi. Najiona mzee kila upande."

Jumamosi iliyofuata nikafunga mapema, nikafunika kioo kikubwa kwa shuka, nikamkalisha, nikamwosha nywele. Alisinzia chini ya mikono yangu. Na dawa ya nywele nilikuwa nimeshabadilisha: parachichi na asali bila yai. Mwalimu yule alilalamika kwamba nimemshusha hadhi. Nikamwambia mayai yana mgonjwa.

Mabadiliko yalianza kwenye manyoya. Siku moja alikatiza kwenye mwanga wa mlangoni, nikaona yanameta. Kucha zilichelewa. Nilikuwa namkagua kila Jumapili tukitoka kanisani, na kwa muda mrefu niliona takataka zile zile, mpaka Jumapili moja nikaona, pale ukucha unapotokea kwenye nyama, mstari mwembamba wa rangi nyingine. Mweusi mweusi, laini, hauna mpasuko. Nikamwita mama mkwe, akaleta miwani yake mipya. Akatazama kila mguu, mmoja baada ya mwingine.

"Hata ule uliong'oka unachipua," akasema.

Ule mstari ukasogea. Magamba ya zamani yakawa yanaondoka yenyewe kwenye kitenge, nami nikawa nayakung'uta nje bila wasiwasi. Kiangazi kilipokuwa kinakaribia kuisha alikuwa na kucha zilizopinda vizuri, ngumu, zinazosikika kwenye saruji akitembea. Akapanda pazia mpaka juu. Kisha akapanda mpera uani, ambao hakuwahi kuupanda, akakaa kwenye tawi la juu kabisa akichungulia ua wa jirani, ambako kuku ni wengi. Siku hiyo hiyo tukawahamisha kuku wetu kwa rafiki yangu wa mtaa wa tatu, na yule tetea aliyewahi kumdonoa ndiye niliyembeba mwenyewe, kwa heshima.

Halafu akashika panya. Panya mkubwa, nyuma ya pipa la maji, mchana kweupe. Alimleta mpaka kwenye miguu ya mama mkwe, akamla pale pale kuanzia kichwani. Mama mkwe alisema hajawahi kuona kitu kichafu kama hicho, na hakuondoka mpaka kimeisha.

Mvua za kwanza zilipopiga, ofisa akapiga simu. Mume wangu alikuwa na safari ya Inyonga. Tukapanda wote mbele kwenye Fuso, mimi katikati na kikapu mapajani, mama mkwe dirishani. Kliniki yake ilikuwa imekwisha wiki kadhaa nyuma, lakini hakuna aliyekuwa ametaja habari za kurudi Kasansa. Njia nzima aliongea na kikapu. Alimwambia asiingie kwenye mashimo yenye nyoka wakubwa, asikaribie mbwa. Mume wangu alinitazama kwa pembeni, nikamfinya asiseme kitu.

Inyonga tulimkuta mwenzake ofisa anatusubiri pamoja na wawili kati ya wale warina asali. Wakatupeleka ndani ya miombo, mbali na barabara, mahali penye magogo mengi yaliyoanguka na vichuguu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini kwa maelfu, mbawa zimetapakaa kila mahali. Nikaweka kikapu chini, nikafungua.

Hakutoka. Alitoa pua, akaivuta ndani. Kumbikumbi mmoja akatua kwenye ukingo wa kikapu, pua ikatoka tena, na kumbikumbi hakuonekana. Ndipo akatoka mwili mzima, akaanza kula, huku na huku, akichimba udongo laini kwa miguu ya mbele mpaka unaruka nyuma yake. Nilitazama zile kucha zinavyofanya kazi. Sijawahi kujivunia kucha za mtu kama nilivyojivunia zile.

Aliposhiba akarudi, akaninusa kiatu, akamnusa mama mkwe pindo la khanga. Kisha akasikia kitu, akasimama wima kwa miguu ya nyuma, akaruka kwenye shina la mti mkubwa na kupanda moja kwa moja bila kuteleza. Tukaona ncha nyeusi ya mkia inaingia kwenye tundu la juu, na hatukuiona tena. Tulisubiri mpaka mume wangu akasema mzigo unangoja.

Kwenye gari mama mkwe alifuta macho kwa khanga. "Vumbi," akasema. Mvua ilikuwa inanyesha.

Tukafika karibu na Mpanda. Hapo ndipo alipomwambia mwanawe apitie sokoni, kwa sababu nyumbani hakuna mboga, na yeye hataki kula dagaa mwezi mzima.

Alikaa nasi mpaka msimu wa kupandikiza mpunga ulipomwita. Siku chache kabla hajaondoka, mrina asali mmoja alimpigia mume wangu simu kuhusu mizigo, mwishoni akamweleza kwamba kuna nguchiro anayewasumbua kambini, haogopi watu, amepanda mpaka kwenye chanja lao la kukaushia na kuchukua samaki. Mume wangu alisema nguchiro ni wengi Inyonga. Mimi pia nilisema huenda ni mwingine. Mama mkwe aliomba simu, akamuuliza yule mrina asali maswali mengi: mkia ukoje, manyoya yanameta au la, anapanda kwa haraka au anateleza. Akasikiliza majibu, akarudisha simu.

"Anakula vizuri," akatuambia, akaendelea kuchambua mchele.